Gitaa kavu: mgongo wa mpingo, mninga au mkangazi?

Uzi_wa_Sita
Wakuu, habari za humu. Nataka kumwagiza fundi gitaa kavu (lisilotumia umeme) la nyuzi za chuma. Uso, yaani ubao wa mbele, utakuwa wa sprusi ya Sitka (mbao nyepesi ya kigeni), ila kwa mgongo na mbavu (ubao wa nyuma na wa pembeni) ametoa chaguo tatu: mpingo, mninga, mkangazi. Wa mpingo bei inapanda sana. Upigaji wangu ni wa vidole kwa sehemu kubwa, piki mara mojamoja. Je, mlio unatofautiana kiasi cha kustahili hiyo pesa? Na nikibadilisha uso kuwa wa sida (mbao nyingine nyepesi ya kigeni), tofauti itakuwa kubwa kuliko ya kubadilisha mgongo? Naomba maelezo yenye vipimo, "sauti tamu" pekee hainisaidii.

Randa_na_Patasi
Mkuu, anza na uso, maana huo ndio unaosukuma hewa. Sitka ina uzito wa kilo 400 hadi 430 kwa mita ya ujazo, sida nyekundu ya Marekani iko karibu 370 na ni laini zaidi. Sida inaitika hata ukigusa uzi kidogo tu, na besi yake inatoka mapema; kwa vidole inafaa sana. Ukiikung'uta kwa nguvu inafika mwisho wake haraka: sauti haiongezeki tena, inavurugika. Sitka inadai mkono mzito kidogo lakini inavumilia. Kwa hiyo ndiyo, uso unabadilisha zaidi.

Unene nao una neno kubwa. Sitka ya milimita 2.8 katikati na 2.5 pembeni ni mwanzo mzuri. Sida iachwe karibu 3.0. Nyuzi za 12-53 (unene wake kwa elfu za inchi, kuanzia nyembamba hadi nene) zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70, hivyo fundi akiogopa uso kubinuka anauacha na milimita 3.5, kisha anabandika fito nene (vijiti vya kuimarisha uso) ndani. Gitaa la namna hiyo litakuwa bubu hata ukiliwekea mgongo wa dhahabu.

Kuhusu mgongo: mkangazi una kilo 500 hadi 550, mninga 600 na kidogo, mpingo zaidi ya 1,200, unazama majini. Gonga ubao wa mpingo ulioshikwa kwa vidole viwili karibu robo ya urefu wake, utasikia unalia kama chuma na mlio unakawia kufa. Mkangazi unazima mapema, nota inabaki kavu na wazi. Mninga uko katikati. Kwenye gitaa zima tofauti hizo zipo, ila ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema.

Sikio_Tupu
Ndogo mno, tena kuna ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 jaribio la magitaa 6 yaliyofanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na wolnati. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuona. Alama walizotoa kwa ubora wa sauti zilikaribiana sana, na kuyatofautisha kwa sikio kuliwashinda wengi. Antonio de Torres, fundi wa magitaa wa Hispania, naye alitengeneza gitaa mwaka 1862 lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba kazi kubwa iko usoni. Liko kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona.

Ukienda kulinganisha magitaa kwa fundi, yote yafungwe nyuzi mpya za aina moja na unene mmoja, yatuniwe kwa nota A ya hezi 440. Mpigaji awe mmoja, msikilizaji afumbwe macho akae mita 2 mbele, na mpangilio ubadilishwe bila kumwambia. Bila hivyo utakuwa unalinganisha nyuzi zilizochakaa na mpya.

Randa_na_Patasi
Nakubali kuhusu jaribio, ila mpingo haukuwa kati ya zile 6, na ni mzito kuliko zote. Hata ukiupunguza unene hadi milimita 2, mgongo na mbavu zitazidi za mkangazi kwa gramu 350 hivi. Utausikia begani kabla ya sikioni.

Shida zake nyingine ni za karakana. Mti wenyewe ni mwembamba na umejipinda, hivyo kupata ubao safi wa upana wa sentimita 20 kwa nusu ya mgongo ni kazi. Muulize fundi kama ataunga vipande vinne, na hilo si kosa likiungwa vizuri. Una mafuta: sehemu ya kubandika ifutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Kwenye bomba la moto la kukunjia mbavu, ubavu uliozidi milimita 2 hupasuka kwenye kiuno.

Uzi_wa_Sita
Asanteni sana. Gitaa litatengenezwa Dar, mimi niko Dodoma. Kuna la kuangalia?

Mbao_Kavu
Hapo ndipo pa kubana fundi kuliko kwenye jina la mti. Ubao uliokaa kwenye unyevu wa pwani unabaki na maji asilimia 14 au zaidi. Ukipelekwa bara kiangazi unasinyaa, na uso au mgongo unapasuka kwa kufuata nyuzi za mbao. Mwambie abandike fito kwenye chumba chenye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 50, mbao zikiwa zimeshuka hadi karibu asilimia 9 ya maji. Kipima unyevu kidogo kiwe ndani ya kasha la gitaa siku zote, kikishuka chini ya 40 weka sponji yenye maji iliyokamuliwa.

Kwa safari hiyo chagua mninga. Unasinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi, unakunjika bila ugomvi, na bei inayobaki iende kwenye uso wa sida. Ukishikilia mpingo na siku moja ukataka kuvuka mpaka, gitaa lililokamilika halihitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu mabadiliko ya 2019, lakini mbao ghafi bado zinakihitaji.