Kaya, mlango, ukoo: mimi niliyepanga chumba Uyole nahesabiwa wapi?

Chumba_Uyole
Habari za jioni wakuu, naomba mnisaidie hili maana linanisumbua tangu juzi. Kwetu ni Kiwira, Rungwe, kulikuwa na kikao cha ukoo cha kujengea kaburi la babu, wazee wakapitisha kwamba kila mlango utoe laki tatu na kila kaya itoe debe la mahindi na elfu ishirini. Mimi sijaoa, nimepanga chumba Uyole huu mwaka wa nne, baba alishafariki, mama yuko nyumbani kule kule. Sasa kwenye grupu katibu ameandika kaya 41 na jina langu halimo. Kaka anasema niko chini ya mama mpaka nioe, dada anasema nijihesabu. Hela ipo, sikwepi, ila sitaki nitoe halafu wazee waseme kijana anajitanguliza, wala sitaki ninyamaze halafu siku ya kaburi nionekane sikumchangia babu yangu. Hivi kaya ni nini hasa? Na mlango je, maana sisi rika letu tunalisikia tu.

Karani_Vwawa
Mkuu mi nilikuwa karani wa Sensa 2022, hilo neno tulifundishwa mpaka tukawa tunaliota. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na mtu mmoja anayejitegemea naye ni kaya, yeye ndo mkuu wa kaya yake. Kuna ua mmoja nilihesabu, vyumba sita vinatazamana, kila chumba na jiko lake la mkaa nje, ila chumba cha mwisho walikaa vijana wawili ambao hawana undugu wowote, wananunua unga pamoja na sufuria yao moja, hao kwenye kishikwambi nikawaweka kaya moja. Na tulikuwa tunauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, siyo nani mtoto wa nani. Kwaiyo kwa serikali wewe ni kaya na mama yako ni kaya.

Dada_wa_Ipogolo
Karani kasema kweli ila hiyo ni kaya ya serikali, usiende nayo kikaoni kabla hujawauliza wazee. Kwetu mzee akitaja kaya anawaza mji wenye mke na watoto, ndo maana kaka yako kasema vile.
Ukoo sisi Wahehe tunaita lukolo, na Wanyakyusa mnasema ikikolo, ukisikiliza ni neno moja hilo. Kaya unahama, ukoo hauhami. Mimi nimeolewa, nakula kwenye kaya ya mume wangu na watoto wana jina lake, lakini lukolo wangu ni wa baba mpaka nazikwa. Mume wangu alipokuja na washenga, bibi yangu hakuuliza kijana ana kazi gani, aliuliza jina la ukoo halafu akauliza kwenu hamli nini, maana kila ukoo ulikuwa na mwiko wake wa chakula, mkikuta jina moja na mwiko mmoja basi nyie ni ndugu, hakuna ndoa hapo, hata kama mmoja katoka Kilolo mwingine Ifunda na hamjawahi kuonana. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, hanywi, anawaangalia tu. Waliposema mwiko wao ni mwingine ndo akapiga funda la kwanza, na mimi nikapumua.

Mzee_Makambako
Kijana, mlango ni watoto wa tumbo moja. Babu yako nadhani alikuwa na wake zaidi ya mmoja. Zamani kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake, waliotokea kwenye ule mlango ndo mlango wenyewe. Akiwa na wake watatu milango ni mitatu, haiongezeki hata mkifika vilembwe. Kaya ndo zinaongezeka.
Na hapo ndo penye maumivu. Mlango wetu tulizaliwa wawili, mwenzangu akafa. Mlango wa mama mkubwa wako tisa na wote wana kazi, lakini kikipitishwa kiwango ni kile kile. Nimekilipa peke yangu mara mbili, mwaka juzi niliuza magunia niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Wenye vikao naombeni sana mliangalie hili.

Mwl_Tukuyu
Niongezee la familia maana limetugharimu. Baba alipofariki tukaandika muhtasari wa mirathi, juu kabisa "kikao cha familia", tukakaa mama na sisi watoto tu, kufika mahakamani baba wadogo wakapinga kwamba hawakuitwa. Ikabidi tukae upya, safari hii tukaandika kikao cha ukoo, miezi minne imeshapotea. Kwetu sisi familia ni baba mama na watoto, kwao wao familia ni wote. Mwalimu Nyerere naye mwaka 1962 alipoeleza siasa yake kwa neno ujamaa alikuwa anautaka huo undugu mpana, japo sa hivi mtaani jamaa ni mtu yeyote tu usiyemjua jina.

Chumba_Uyole
Asanteni sana wote, Mzee Makambako shikamoo na pole sana. Leo asubuhi nimempigia bamkubwa nikamuuliza moja kwa moja, ile kaya mliyosema ni ya mwenye ndoa au ya mwenye sufuria. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza nani anakupikia huko mjini, nikamwambia najipikia. Akasema basi una moto wako, lete debe. Nikamgusia na la mlango pia, maana kwa bibi yetu walizaliwa saba na kwa bibi mdogo wawili, na mmoja wao ni mjane, akasema atalifikisha kwa wenzake kabla ya Jumapili. Mahindi naenda kununua Mwanjelwa kesho, na katibu ameshafuta 41 kaandika 42.