Mjadala: Nyimbo zilizoachwa studio, zitolewe au zibaki kabatini?

Wadau wa muziki, naleta hoja. Bendi ikiwa na nyimbo zilizokosa nafasi kwenye albamu, majaribio ya studio na rekodi za hafla moja moja, ni sawa izikusanye na kuziuza? Mfano wangu ni Elio e le Storie Tese, bendi ya roki ya vichekesho iliyoanza Milano mwaka 1980, na albamu yao ya 1998, Peerla, ambayo ni mkusanyiko wa nyimbo zao adimu.

Wanaopinga husema wimbo ulioachwa uliachwa kwa sababu, na kwamba mzaha huchacha: ukimtania aliyekuwa gumzo mwaka ule, msikilizaji wa leo anabaki kuuliza "huyu naye nani?" Hilo la pili lina uzito.

Hata hivyo mimi nasema zitolewe. Kwa bendi ya vichekesho, utani mkali mara nyingi huzaliwa kwa ajili ya usiku ule na jukwaa lile. Chukueni Sanremo, tamasha la mashindano ya nyimbo nchini Italia, mwaka 1996. Waliingia na "La terra dei cachi", wimbo unaoichana Italia kwa ujenzi holela na zabuni za kupanga. Usiku mmoja kila msanii alipewa kama dakika moja tu ya kuonjesha wimbo wake. Hawa jamaa hawakukata kipande. Waliupiga wote, mwanzo hadi mwisho, kwa kasi ya ajabu, maneno yakifukuzana, na wakamaliza ndani ya muda! Fainali wakapanda wamejipaka rangi ya fedha kuiga Rockets, bendi ya Ufaransa iliyojulikana kwa kujipaka hivyo, wakashika nafasi ya pili.

Sasa toleo lile la mbio ungeliweka wapi kwenye albamu ya kawaida? Lilikuwa linaitania kanuni ya shindano lenyewe. Ndiyo maana nataka kila rekodi ya aina hii itoke na maelezo: ilipigwa wapi, lini, ikimlenga nani. Bila hayo, wanaosema mzaha umechacha watakuwa na haki.

Na mkisema hakuna anayetaka vitu hivi, nakataa. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1989, lakini kanda zisizo rasmi zilikuwa zimeshawapa jina kabla ya hapo. Mwaka 1993 wakazirudia wenyewe nyimbo zao za awali na kuzitolea albamu. Baadaye wakawa wanarekodi tamasha na kuwauzia watu CD yake usiku uleule.

Halafu kuna Feiez, yaani Paolo Panigada, mpiga saksofoni wao. Desemba 1998 alianguka jukwaani Milano, akafariki. Tangu siku hiyo, kila kipande alichopuliza kikaachwa nje kimepata thamani nyingine kabisa. Mtu angekuwa amekifuta kwa kuwa hakikukamilika, tungekipata wapi tena?

Ninachokataa ni kampuni kufukua kanda za marehemu asiye na sauti tena, au kuchomeka nyimbo mbili adimu katikati ya zile ambazo shabiki tayari anazo ili alipe mara ya pili. Huo ni unyonyaji. Lakini bendi iliyo hai, ikichagua yenyewe?

Mnaopinga, nijibuni hapo: nani mwingine mwenye haki ya kuwazuia?