Tumelipa shilingi 500 kuona bustani, kumbe mkilua, mti wetu wa maua ya kunukia, wameuficha nyuma ya vyoo

Jamani watu wa Mombasa, leo nina hasira, kwa hivyo nivumilieni. Jumamosi nilimpeleka mamangu kwenye maonyesho ya maua, yale yaliyobandikiwa mabango kila nguzo. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. "Bustani kumi za kuvutia." Mkubwa 500, mtoto 300. Tulikuwa wakubwa wawili na wanangu wawili, hesabu mnaijua: 1,600 imekwenda kabla hatujaona hata jani.

Hizo kumi nilizihesabu kwa kidole. Saba. Na katika saba, moja ilikuwa ya muuza matangi ya maji aliyezungushia tangi lake vyungu sita, na nyingine ya muuza nyasi bandia. Nyasi bandia, kwenye maonyesho ya maua! Mwanangu mdogo akavua viatu akakanyaga, akaruka kama kakanyaga kaa la moto, maana ile plastiki ilikuwa imeshika jua la kaskazi tangu asubuhi.

Bustani kubwa kabisa, ile ya langoni ambapo watu walikuwa wakipigana vikumbo kupiga picha, ilikuwa ya mawaridi. Nilipochungulia chini ya yale majani nikaona hayana mizizi. Ni maua ya kukatwa, yamechomekwa kwenye sponji zilizoloweshwa maji. Sasa Naivasha, kunakokuzwa mawaridi mengi ya nchi hii, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi. Sisi hapa miguu imo majini. Saa tano hazijafika yale mawaridi yalikuwa yamelaza shingo kama kuku wa kideri, na kijana mmoja anayapulizia maji kwa chupa, anapuliza huku amekata tamaa.

Mamangu akainama. "Mwanangu, mbona maua haya hayanukii?"

Binti wa pale akaja mbio. "Mama, tafadhali usishike."

"Sishiki mwanangu, nanusa."

"Hata kunusa, mama. Ni ya kuangalia tu."

Nilinyamaza kwa kumstahi mama. Lakini yule mtangazaji na kipaza sauti chake hakunyamaza, kila dakika tano anatwambia "hii ndiyo Chelsea yetu". Basi tuizungumze hiyo Chelsea. Ni maonyesho ya maua ya London, na uwanja wao ni uleule tangu 1913. Bustani zinajengwa kwa wiki kama tatu ili zionwe siku chache tu. Mwenye bustani hueleza mapema anakusudia kufanya nini, na majaji humpima kwa maneno yake mwenyewe ndipo apewe medali au anyimwe. Siku ya mwisho, jioni saa kumi, inapigwa kengele na mimea inaanza kuuzwa kwa wageni, watu wanapanda treni wamekumbatia maua marefu kuliko wao. Hiyo kengele ikumbukeni, nitairudia.

Tulikuwa tunatoka, mwanangu akataka kwenda msalani. Vyoo viko nyuma kabisa, kando ya jenereta. Hapo ndipo nilipoiona bustani ya saba, na wallahi nilisimama.

Haikuwa kubwa, labda hatua kumi kwa nane. Ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, na mbele yake kibaraza cha chokaa cha kukaa watu watatu. Mtungi wa maji na kata yake. Kijia chembamba, na huku na huku mirehani imepandwa karibu makusudi, ili mtu akipita buibui liiguse itoe harufu. Mpacholi uko kivulini unakotaka. Asumini imepandishwa kwenye fito nyuma ya baraza, upande unakotoka upepo. Aliyeipanda anajua kwamba asumini huchanua magharibi, na anayekaa pale jioni ataletewa harufu bila kuifuata. Pembeni mkadi, mlangilangi mchanga, na pale penye kivuli kizito zaidi, mkilua. Una maua! Mamangu aliuona kabla yangu. Hakusema kitu, alikwenda akakaa barazani, akavua viatu.

Kwa wasiojua, na vijana wengi siku hizi hawajui: hayo yote ni mali ya kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia. Asumini, rehani, mkadi, vilua (maua ya mkilua), ndiyo maua wamama zetu wamejifunga kifuani na kujipamba kwenye nywele tangu enzi na enzi. Na mkilua ni mti wa pwani hii yetu, Kenya na Tanzania. Hata wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi walichukua la kwetu vilevile lilivyo, *Mkilua fragrans*. Nenda popote duniani kwenye vitabu vya mimea utaukuta kwa jina hilo. Sasa kibao kilichowekwa pale kilisema nini? "Mimea mchanganyiko." Basi. Jina la aliyeitengeneza halipo, na jina la mmea hata mmoja halipo.

Mamangu akaniuliza, "Nani kaitengeneza hii? Huyu kalelewa na bibi."

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza mlinzi, naye hajui. Na wakati wote huo jenereta inanguruma na kutoa moshi wa dizeli, na mlango wa choo unafunguliwa na kufungwa. Bustani nzima imetengenezwa kwa ajili ya pua, halafu mtu mwenye akili zake timamu anaipanga nyuma ya vyoo, na mawaridi yasiyonukia anayaweka langoni. Nielezeni mantiki yake.

Najua atakuja mtu hapa kusema Mombasa ni chumvi na jua, maua mazuri lazima yatoke bara. Huyo aende Bamburi, hapa hapa Mombasa. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu uliochomwa na jua. Mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, akajaribu aina 26, zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje yakagoma kuoza, wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao ndicho kikawa udongo. Leo pale ni msitu, unalipa kiingilio ukaone twiga. Na mtu huyu wa bustani ya saba hakuhitaji hata majongoo, alichagua tu mimea inayopajua hapa.

Sasa kile kilichonifanya nikae kuandika usiku huu. Jumapili jioni nilirudi peke yangu, nikakuta wanabomoa. Nikamwomba msimamizi aniuzie mkilua, nikamwambia taja bei. Akanijibu, "Hatuuzi, tunaondoa." Nikauliza wanaupeleka wapi. Akanionyesha lori kwa kidevu. Mkilua ulikuwa umelala chini ya mbao na vipande vya zile sponji za mawaridi, mizizi juu, na vilua viwili vitatu bado viko kwenye tawi. Nikauliza tena, nichukue tawi tu? "Bosi hajatoa ruhusa." Lori likaondoka.

Kengele ya saa kumi iko wapi, Chelsea yetu?

Waandaaji, 1,600 yangu kaeni nayo. Ila wewe uliyetengeneza ile bustani, kama unasoma hapa, au kuna anayekujua, tafadhali nitumie ujumbe wa faragha. Mamangu ameniuliza mara mbili tangu jana kama nimepata mche, na sijamwambia habari ya lori.