Vifaa vya kuvulia trauti wa Kanada vitafaa kwa sangara wetu wa Victoria?

Baharia_Nakiwogo

Habari zenu wakubwa. Mi niko Entebbe, natembeza wageni na boti, ya mbao lakini imara, mashine ya nguvu farasi 40. Kazi yenyewe mara nyingi ni kuwapeleka Ngamba waone sokwe alafu tunarudi. Sasa wageni wanazidi kuulizia kuvua mputa, yaani sangara, kwa fimbo, na mimi nataka nianze hiyo kazi vizuri, siyo mtu analipa pesa yake alafu anazunguka ziwani mchana kutwa anachomwa jua bure.

Shemeji yangu anaishi Kanada na kule anavua trauti wa maziwa makubwa, kaniletea mzigo wa vifaa vyake vya zamani. Kuna daunriga mbili, vile vyombo vya kushushia chambo chini, za kufunga pembeni mwa boti na machubwi yake ya duara, mazito kweli. Kuna rili moja, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, imejaa ule mshipi wenye risasi ndani unaobadilika rangi kila baada ya kipande. Kuna vijiko vingi, vile vyambo vya bati, na zile sahani za kung'aa zinazotangulia mbele ya kijiko, na rapala chache kubwa, vile visamaki bandia vya chambo, zenye mdomo mrefu wa plastiki.

Nimeangalia video zao, wanashusha chubwi mpaka mita 30 au 40, boti inatambaa tu, samaki anashikwa karibu na tope la chini. Nauliza kama nikifanya vilevile kutoka hapa kuelekea visiwa vya Ssese nitapata sangara wakubwa? Na kama hapana nifanyeje na huu mzigo? Hapa mwaloni watu wanajua nyavu na ndoana za kutega, fimbo hawana habari nayo.

---

Fundi_Ntinda

Kaka hongera kwa huo mzigo, hivyo vitu kule vina bei. Mimi nilikaa Ontario miaka, nimevua sana hao trauti, ngoja nikueleze kwanza kwa nini wao wanafanya vile, ukielewa sababu utajua mwenyewe cha kuchukua na cha kuacha.

Trauti wa ziwa ni samaki wa baridi, anapenda maji ya nyuzi kama 10 hivi. Kiangazi kikifika maji ya juu yanapata joto, samaki anashuka kufuata baridi, na kule chini kwao hewa bado ipo ya kutosha, ndiyo maana wanamkuta mita 30 na zaidi akiwa mzima anakula. Sasa utafikishaje kijiko chepesi huko chini wakati boti inatembea? Hapo ndipo inaingia daunriga, chubwi la kilo 4 au 5 linashuka na waya, mshipi wako umebanwa kwenye kibanio karibu na chubwi, samaki akivuta mshipi unachomoka unabaki unapigana naye wewe na fimbo yako tu, chubwi halipo tena kwenye mshipi. Ule mshipi wa risasi ni kazi ileile kwa njia nyingine, kila rangi moja ni yadi 10, na ukienda polepole kila rangi inakushusha kama mita moja na nusu. Ukitoa rangi 5 uko kwenye mita 7 au 8. Ukiongeza mwendo unapanda.

Ile sahani inayotangulia kazi yake ni kumwita samaki kwa mng'ao na kukipa kijiko mwendo wa kuyumba. Inataka mwendo mdogo sana, ukikimbia inazunguka ovyo na kukusokota mshipi.

Kwahiyo vifaa vyenyewe ni vya kufikisha chambo kwenye kina unachotaka. Swali lako linabaki, sangara wa Victoria anakaa kina gani? Hilo nawaachia wenye ziwa.

---

Dada_wa_Jinja

Hapa Fundi kagusa penyewe. Nimesomea mambo ya samaki na hili swali nalipenda kwa sababu watu wengi wanaamini samaki mkubwa yuko chini kabisa, kwa hiyo wanazidi kushusha tu. Victoria siyo hivyo.

Ziwa letu liko kwenye ikweta, maji ya juu yanacheza nyuzi 24 mpaka 27 mwaka mzima, hata chini siyo baridi ya kusema. Sangara hafuati baridi, sangara anafuata hewa, yaani oksijeni iliyo majini. Huyu samaki hewa ikipungua majini yeye ndiye anaanza kufa, ngege (sato) bado anavumilia. Mnakumbuka mwisho wa 2020 kuingia Januari 2021, mputa wakubwa walielea wamekufa Victoria na Kyoga mpaka watu wakaogopa kuwala? Wizara ilisema ni hewa iliyopungua majini baada ya dhoruba kuvuruga maji.

Sasa sikiliza vizuri. Kuanzia kama Septemba mpaka miezi ya Aprili, Mei, ziwa linajipanga matabaka, maji ya juu hayachanganyiki na ya chini, na kule chini uchafu unaooza unakula hewa yote. Ukishusha chubwi mita 40 au 50 kipindi hicho unakokota kijiko mahali ambapo hakuna kitu kinachopumua. Samaki wote wamebanwa kwenye tabaka la juu. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unakoroga ziwa, hewa inafika chini, na sangara anatawanyika kina chote. Kwahiyo video ya Kanada ukiifuata neno kwa neno mwezi wa pili unavua jangwani.

Nina ombi moja pia kwa sababu unaenda kufanya biashara. Sangara chini ya sentimita 50 rudisha majini, sheria ndiyo hiyo, na wale wakubwa sana ni majike wenye mayai mengi. Mgeni apige picha, samaki arudi. Trauti akitolewa kina kirefu anaweza kutoa hewa ya bondo, kile kifuko cha hewa tumboni, kwa mdomo, sangara hawezi, bondo lake halina njia ya kutokea, linavimba mpaka linamsukuma tumbo litokee mdomoni. Hiyo ni sababu nyingine ya kutovua mita 40, ukimtoa huko kumrudisha akiwa hai ni kazi.

---

Mzee_Bukasa

Mwanangu karibu kwenye kazi. Mimi naendesha boti za wavuvi wa fimbo hapa Kalangala muda mrefu, nitakwambia tunavyofanya.

Achana na katikati ya ziwa kabisa. Sangara mkubwa anakaa kwenye mawe. Ncha za visiwa, miamba iliyozama, pale chini inapoanguka ghafla kutoka mita 5 mpaka 15. Anajificha hapo anangoja samaki wadogo, nkejje na mukene (dagaa), wapite. Unapita na boti sambamba na mawe, siyo kuyakata, unakokota rapala mbili tu nyuma, moja karibu kama mita 25, nyingine mbali kama 40, zisigusane mkikata kona. Mistari mitatu minne ni tamaa, ikisukana na samaki yuko kwenye mmoja mtalia.

Zile rapala zako zenye mdomo mrefu ndizo mali hapo, siyo vijiko. Ule mdomo ndio unaoipiga mbizi. Kama ni aina ya X-Rap Magnum angalia namba yake, 20 inaenda futi 20, 30 inaenda futi 30, yaani mita 6 na mita 9. Chagua kulingana na mawe ya pale, unataka ipite juu ya mawe na mara mojamoja iguse. Ikigusa PUNGUZA MWENDO mara moja, rapala ya kuelea itarudi juu yenyewe na kujinasua. Ukiogopa ukaongeza gesi umeipoteza.

Mwendo uwe kama mtu anayetembea kwa haraka barabarani, wa trauti ni wa polepole zaidi. Lakini usiangalie mashine, angalia ncha ya fimbo. Rapala ikitembea vizuri ncha inatetemeka tu-tu-tu-tu bila kukatika. Ikiacha kutetemeka au ikitetemeka kwa uzito umebeba gugu maji, ivute uisafishe, usiseme ngoja tufike kule, hakuna sangara anayekula majani. Ziwa letu hili na gugu lake utasafisha sana, zoea.

Alafu usiende mstari mmoja kama feri. Pinda pinda. Ukipinda rapala ya ndani inapunguza mwendo na ya nje inaongeza, ukiona wanashika ya nje tu ujue leo wanataka mwendo zaidi, ongeza kidogo.

Jambo la mwisho na ndilo kubwa. NYAVU ZA WATU. Angalia vijerikeni vinavyoelea na bendera. Chubwi la kilo 5 la hiyo daunriga likipita kwenye nyavu ya mtu umemkatia chakula cha watoto wake, na utatafutwa mwaloni. Na asubuhi mapema usitoke kabla hujaangalia anga upande wa visiwa, dhoruba za hili ziwa zinapenda usiku kuelekea alfajiri. Wageni wote wavae jaketi, hata yule anayesema anajua kuogelea.

---

Baharia_Nakiwogo

Mzee wangu asante sana, na wewe dada, hiyo ya hewa sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote na nimezaliwa hapa ziwani. Nimejaribisha rapala moja pembeni ya gati nikiivuta kwa mkono, inalala upande wa kushoto na kutoka juu ya maji, ni mbovu? Na mshipi niweke upi, huu alionipa shemeji ni mwembamba sana, alisema trauti haonyeshwi mshipi mnene.

---

Mto_Pakwach

Siyo mbovu bro. Shika plaizi, kile kijicho cha mbele unakofunga mshipi kikunje kidogo sana kuelekea KULIA, kidogo ya kuonekana kwa shida, ijaribu tena majini. Ikikimbilia kushoto unakunja kulia, ikikimbilia kulia unakunja kushoto. Endelea mpaka inyooke. Kila rapala ijaribu pembeni ya boti kabla ya kuitupa nyuma, maana iliyopinda hata mita moja haizami.

Mimi navua huku chini ya maporomoko ya Murchison, huku ndiko nyumbani kwa mputa tangu zamani, yeye na Ziwa Albert, Victoria aliletwa na watu miaka ya 50 kuelekea 60. Huku hatukokoti sana kwa sababu ya mkondo na viboko, lakini kupigana naye ni kulekule.

Mshipi wa trauti weka mbali. Sangara mdomo wake ni kama msasa, hana meno marefu ila anasaga mshipi taratibu, na kifuniko cha mashavu yake kinakata kama kisu. Weka mshipi wa kusuka wa kilo 30 mpaka 40 kwenye rili, mbele yake funga mita mbili za nailoni nene ya kilo 50 hivi. Ukiweka mshipi mnene kupita kiasi nao unaikataza rapala kuzama, maji yanausukuma, ndiyo maana wa kusuka ni bora, mwembamba lakini una nguvu. Ndoana za pembe tatu zilizokuja na rapala ziangalie, kama ni nyembamba badilisha na pete zake pia, sangara mkubwa anazinyoosha.

Breki ya rili ipime na mizani ya kupimia samaki, mshipi wa kilo 30 breki ianze kuachia kwenye kilo 8, 9. Akishika usiruhusu boti isimame ghafla, iende mbele kidogo mpaka ndoana zikae, alafu ndiyo unazima. Ukiona mshipi unapanda juu haraka ujue anakuja kuruka. Anatoka majini mdomo wazi anatikisa kichwa, rapala inarushwa. Hapo mgeni atainua fimbo juu kwa furaha, mwambie mapema AISHUSHE mpaka karibu na maji na azidi kuzungusha, mshipi ukilegea sekunde moja tu kwaheri.

Na kumshika, usitie mkono kwenye mashavu, shika taya la chini na glavu ngumu. Yule wa kurudishwa usimning'inize kwa taya, uzito wake mwenyewe unamuumiza, mbebe kwa mikono miwili chini ya tumbo au mwache majini pembeni ya boti.

---

Baharia_Nakiwogo

Nimeinyoosha kwa plaizi, imekubali!! Inazama vizuri. Kwahiyo daunriga niuze tu?

---

Dada_wa_Jinja

Usiuze yote, baki na moja. Mwezi wa saba ziwa likishachanganyika, tafuta sehemu ya tope isiyo na mawe wala nyavu, kina mita 20 hivi, uwe na sonari, kile kipima kina cha kwenye boti, uone chini. Shusha chubwi mpaka mita 15, rapala iwe nyuma ya kibanio kama mita 10, na uiondoe ile sahani ya kung'aa ili uende na mwendo aliosema mzee.

---

Mzee_Bukasa

Na kabla ya kuifunga piga ubao mgumu wa mvule kwa ndani ya ubavu wa boti, bolti zipite mbao zote mbili. Ubavu peke yake chubwi likinasa utang'oka nao.