Jibu: Nimebeba mengi, nayashushaje?

Kutoka Leicester:

Asalaam aleikum watu wa Tanga. Mimi ni mwanafunzi, viza yangu inaniruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Sasa hivi nimo kwenye kamati ya harusi ya binamu, mabati ya mjomba wa Pongwe yananisubiri, chama chetu hapa kimenipa ukatibu, na kila anayetua Uingereza anapewa namba yangu. Nikikataa naambiwa Ulaya imenibadilisha. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kutoka Ngamiani, Tanga:

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi nipo upande wa pili wa simu, na kamati za harusi nimekaa mpaka mikeka inanijua. Nikwambie kinachotokea huku ukishajibu "nitajitahidi". Mweka hazina anakuandika. Orodha inapachikwa kwenye kundi: jina, ahadi, alichotoa, salio. Wewe kwa kuwa uko Ulaya unawekewa laki tatu hata hujaulizwa, na laki tatu hiyo inaingia kwenye bajeti ya ukumbi, nyama na mchele. Wiki ya shughuli ikifika hujatuma, anayekwenda kukopa dukani ni mama yako.

Ndiyo maana mtu akiniambia mapema "safari hii simo", simnunii hata kidogo. Anayeniudhi ni yule anayesoma ujumbe, tiki mbili za bluu, halafu kimya.

Kwa hiyo wahi kabla jina halijaandikwa. Na usijieleze sana. Ukitoa sababu tatu, shangazi atazijibu zote tatu. Mpigie mama, umpe hesabu kwa mdomo. Kima cha chini huko tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Zidisha kwa 20, ni pauni 244 na senti kidogo kwa wiki, na hapo hujalipa chumba wala nauli. Mama akishaelewa, yeye ndiye atakayekusemea barazani: "Mwanangu bado anasoma, msimwandike." Akisema yeye, nani atabisha?

Msiba ni kitu kingine. Msibani tuma, hata kama ni kidogo, daftari la rambirambi watu hawalisahau. Na mjomba usimwambie hapana, mtajie idadi: "Shikamoo mjomba, bati tano ni zangu." Zaidi ya hapo atajua mwenyewe.

Simu za usiku zima tu. Tanga iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili wakati wa kiangazi na tatu wakati wa baridi. Mtu ametoka kuswali alfajiri anakupigia kukusalimu, kwako ni saa nane usiku. Wengi wala hawana habari kwamba umelala.

Kutoka Oslo:

Dada amemaliza, mimi naongezea mawili aliyoyaruka. Ukatibu usiuache hewani, watu watasema umekimbia na hela za chama. Subiri mkutano, mkabidhi mtu mmoja daftari na orodha ya wanachama mbele ya wote, kisha ujitoe kwenye kundi la viongozi siku hiyohiyo. Ukibaki humo "kusaidia kidogo", wewe bado katibu.

Wageni wa uwanja wa ndege mimi nina ujumbe niliouandika zamani: treni gani, tiketi inakatwa wapi, hosteli ya bei nafuu iko mtaa gani. Namtumia kila anayeniomba, naye anafika salama bila mimi kuomba ruhusa kazini. Wazee na wenye watoto wadogo ndio nawafuata mwenyewe.

Halafu mizigo ya kupeleka nyumbani, ambayo hujaitaja lakini inakuja. Begi langu ni kilo 23. Natangaza kabla ya kukata tiketi kwamba kilo tano ni za watu, anayewahi ndiye anayepata, na kifurushi kilichofungwa na gundi sibebi, hata awe nani. Kuna mmoja alininunia Idi nzima. Safari iliyofuata akaleta viatu vya mama yake kwenye mfuko wa wazi.