Mnatafuta afisa mikopo au mnatafuta mtoto wa fulani? Nimechoka na hizi intavyuu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, wenye roho nyepesi wapite kando. Na ninyi wa "kijana jiajiri" nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza mahubiri, maana mimi nilijiajiri, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwezi uliopita niliitwa usaili wa mdomo kwenye kampuni moja ya mikopo midogo hapa Dar. Jina naliacha. Nafasi ni afisa mikopo. Kazi yenyewe mnaijua: unazunguka mitaani, unakopesha mama ntilie, bodaboda na mafundi cherehani, halafu unahakikisha rejesho linarudi kila wiki. Usaili wa kuandika nilishapita. Siku hiyo nikaamka saa kumi alfajiri, shati nimelinyoosha tangu usiku, bahasha ya kaki kwapani, vyeti vimegongwa muhuri wa wakili kwa hela ya kukopa, huyo Rangi Tatu kugombania daladala.

Ndani watu watatu. Wa katikati hakuniuliza chochote kuhusu mikopo. Alichukua cheti changu cha kidato cha nne, akatoa simu, akaingia kwenye matokeo ya NECTA, lile baraza la mitihani, akatafuta mwaka, akatafuta shule, akawa anashuka taratibu kwa kidole gumba mpaka akaifikia namba yangu. Mimi nimekaa namtazama tu. Akamgeuzia mwenzake kioo cha simu. "Shule ya kata," akasema. Wala halikuwa swali.

Ndiyo mkuu, shule ya kata, zile sekondari za serikali za huku mitaani. Division three, hisabati F. Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, akahamishwa tukiwa kidato cha tatu, na hakuletwa mwingine mpaka tunamaliza. Hayo NECTA hawayabandiki. Wanabandika F, na itakaa pale mpaka nazeeka, mtu yeyote mwenye bando aitazame. Baada ya hapo nimesoma astashahada, nikasoma stashahada, nikamaliza shahada kwa GPA ya 3.6, upper second kabisa. Swali nililoulizwa kuhusu safari yote hiyo ni moja: "Kwa nini hukupita form six?"

Wa pili akaona kwenye CV pengo la miaka minne kati ya stashahada na shahada. Nikamwambia halikuwa pengo, nilikuwa wakala wa pesa za simu, kibanda na mwavuli, na ndiyo niliyojilipia ada. Akacheka kidogo. "Kwa hiyo ulikuwa mtaani tu."

Mtaani tu! Wakuu, hebu nisaidieni. Floti, yaani hela ya kuzungushia kazi, ya milioni mbili, nusu yake si yangu. Kila jioni nahesabu noti na salio la simu, vikipishana hata elfu tano silali. Nimeletewa meseji feki za muamala na watu waliovaa suti. Nawajua waliotumiwa na matapeli ile meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii", wakatuma, wakaja kibandani wanalia. Ukisimama mbele yangu na kuomba nikutolee elfu hamsini utalipa Ijumaa, mimi kwa kukutazama tu nusu ya jibu ninalo, na nusu nyingine iko kwenye daftari. Sasa kama hiyo siyo kazi ya afisa mikopo, niambieni ni ipi.

Wa tatu, mama mmoja mpole, ndiye aliyenimaliza. "Mzee yuko wapi siku hizi?" Nikasema alikuwa seremala Keko, ametangulia. Akasema pole, akafunga faili.

Nimekuwa nikijiuliza wanasoma nini kwenye makaratasi yetu. Mchumi Michael Spence aliandika mwaka 1973 kwamba mwajiri haoni uwezo wako, anaona dalili tu, na cheti ni dalili nzuri kwa sababu mwenye uwezo hukipata kwa gharama ndogo kuliko asiye nao. Walimpa Nobel mwaka 2001, pamoja na Akerlof na Stiglitz. Sawa. Lakini huku kwetu gharama ya cheti kizuri inapimwa kwa mfuko wa baba. Aliyesoma shule ya kulipia yenye maabara na mwalimu kila somo, division one yake inakwambia ada ililipwa kwa wakati. Kichwa chake sijui, labda kipo. Ila ninyi mnaisoma kama kichwa, na kibanda changu mnakisoma kama doa.

Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alipotoka, hata hali yake ya maisha, na inagusa mpaka taratibu za kuajiri. Iko vizuri kweli kwenye karatasi. Utathibitishaje, wakati hata jibu la kukosa hupewi? Mimi mpaka leo sijapigiwa simu.

HR mliomo humu jitokezeni mnijibu bila kunizunguka: mzee wangu anahusika vipi na rejesho la mama ntilie?

Halafu kuna kijana tuliyekaa naye benchi moja siku ile, alikuwa baada yangu. Kiingereza kimenyooka, mstaarabu, sina kinyongo naye. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hivi rejesho ndiyo nini?" Nikamweleza.

Juzi kaja kibandani kwangu, shati la kampuni na kitambulisho shingoni. Kumbe kapewa eneo letu. Tukasalimiana vizuri. Akatoa elfu ishirini, akasitasita, kisha akaniuliza yule fundi cherehani wa kona kama anakopesheka.

Nilikaa kimya muda, nikijifanya nahesabu chenji. Kisha nikamwambia anakopesheka, ila rejesho amfuate Jumatatu asubuhi, siyo Ijumaa, maana wateja wake huchukua nguo za harusi wikiendi na ndipo hela inapoingia. Akaandika kwenye kidaftari chake, akashukuru, akaondoka.