MREJESHO: Dai ya kubana shingo ya ganda la risasi ilionekana haibani, tatizo limepatikana

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini maganda yaliyokwisha pigwa ya risasi za bunduki ya .308 Winchester, yakishapita kwenye dai ya shingo (kifaa cha chuma kinachobana mdomo wa ganda ili ushike kichwa kipya), kichwa cha risasi kinazunguka kwa vidole. Dai ni nzima. Mkosaji ni kitufe cha kupanulia, kile kidude kwenye fimbo ya ndani ya dai kinachopita ndani ya shingo.

Nje ya shingo yenye kichwa ndani inasoma milimita 8.58. Ganda tupu likitoka kwenye dai linapaswa kusoma 8.53 hivi, yangu yalisoma 8.57. Nikang'oa fataki (kiwashio cha kitako cha ganda) kwanza, nikatoa fimbo yenye kitufe, nikapitisha ganda tena: 8.53. Yaani dai inabana vizuri, kisha kitufe kinapanua upya wakati wa kutoka. Mikromita ya fundi mkereza vyuma pale Unga Limited, Arusha, ikakisoma 7.82, sawasawa na kichwa chenyewe! Tukakisugua kwa msasa namba 600 kikiwa kinazunguka kwenye drili, pole pole, hadi 7.78.

Pakeni unga wa grafaiti ndani ya shingo. Ikiwa kavu, kitufe hukwaruza na kuipindisha shingo.

Maganda matatu kati ya ishirini bado yanarudi 8.56. Hayo shaba yake imekakamaa kwa kupigwa mara nyingi, nimeyatupa.

Na mwenye kibali cha kazi hii akumbuke: ganda la kubanwa shingo tu lirudi kwenye bunduki ileile. Bolti (komeo la bunduki) ikianza kufunga kwa shida, bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingo, linahitaji kurudishwa nyuma kwa dai ya ganda zima.